Nitembee Niende Wapi?

Mwaka jana mwezi wa sita nilimpelekea mama raba. Nilizinunua Kariakoo, nyeupe, zenye soli nene, nikazifunga vizuri kwenye begi na kupanda basi la alfajiri pale Mbezi. Nilifika Igawa jioni. Kesho yake, baada ya chai, nikapiga magoti sebuleni na kumvisha mwenyewe.

"Mama, daktari kasema utembee. Nusu saa tu, asubuhi kabla jua halijawa kali."

Mama alizitazama zile raba, halafu akanitazama mimi.

"Nitembee niende wapi, baba?"

Nikamwambia atembee tu. Aende mpaka darajani, kisha arudi.

"Darajani kuna nini?"

Nilikosa jibu. Mimi ni mwandishi wa habari, kazi yangu ni kuuliza watu maswali wanayoshindwa kujibu, na siku hiyo nilibanwa na mama yangu mzazi katika swali la maneno matatu. Nimekaa nalo mwaka mzima sasa.

Wengi wenu Igawa mnaijua kupitia dirisha la basi. Ukitoka Makambako kwenda Mbeya, barabara inaanza kuteremka, baridi inabaki nyuma, mnavua makoti, na mbele yenu linafunguka bonde la Usangu. Hapo mnakuta maduka pande zote mbili za lami, malori ya Zambia na Kongo, mama anayeuza mahindi ya kuchoma, mto Mbarali chini ya daraja. Dakika mbili mmeshapita. Sisi tuliozaliwa hapo tunaijua kwa miguu. Ni wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya, lakini ukitembea kidogo kurudi ulikotoka unaingia Njombe, ambayo mpaka mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Iringa. Ndiyo maana pale kwetu utaamkiwa "kamwene" na "shikamoo" katika sentensi moja.

Mama ana miaka sabini kasoro. Kabla ya baba kufariki alikuwa na safari zake, na naweza kuzitaja zote. Shambani, kwenye majaruba ya mpunga, kama dakika arobaini kwa mguu kwa njia ya mfereji. Bombani. Mashineni kukoboa. Kanisani Jumapili, na jumuiya katikati ya wiki. Gulioni. Kwa shoga yake wa upande wa pili wa lami, ambaye huwa anasema anakwenda kumwona "mara moja" na anarudi jua limezama.

Baba alipofariki mwaka 2020, mimi ndiye niliyekuwa na mshahara. Nikaanza kumpumzisha mama. Nilivuta maji mpaka uani. Nikatafuta binti wa kazi. Shamba tukalikodisha. Kijana wa boda nikampa kwa mwezi, amfuate mama Jumapili kwenda kanisani na siku za gulio, asikanyage vumbi. Zile safari nilizifuta moja moja kama mhariri anavyofuta aya, na kila nilipofuta moja nilijisikia mtoto mwema. Majirani walinisifu. Mama mwenyewe alinisifu, akawa anawaambia watu kanisani kwamba mwanangu hataki hata nichote maji.

Baada ya miaka mitatu alikuwa hawezi kuinuka kwenye kochi bila kushika kitu. Presha ilikuwepo tangu zamani, sukari ikaongezeka. Daktari alipomuuliza kama anatembea, mama alijibu kwa fahari kabisa: "Hapana, nina boda yangu."

Na hapa kuna jambo linaloniaibisha. Miaka hiyohiyo, mimi huku Dar nilikuwa natembea kwa kulipia. Nilikuwa na kadi ya jimu ya kukimbia juu ya mkanda usiokwenda popote, na simu inayonihesabia hatua. Nikifika hatua 10,000 inatoa mlio, nami nafurahi kama nimepokea mshahara. Kwa mkono mmoja nilikuwa nalipa nipate kutembea, na kwa mkono wa pili nalipa ili mama yangu asitembee. Vyote viwili niliviita afya.

Swali langu basi ni la kimaadili kabla halijawa la kitabibu. Je, kumpenda mzazi ni kumpunguzia hatua?

Nianze na lugha yenyewe. Wahenga hawakuwa marafiki wa matembezi ya bure. Walisema mtembezi hula miguu yake, wakimaanisha anayezurura bila shughuli anajimaliza mwenyewe. Mtu wa kiguu na njia hasifiwi. Ni kweli tunasema pia tembea uone, lakini hata hapo kuna kitu cha kuona. Halafu litazame neno "kutembelea". Limezaliwa na "kutembea" kwa kuongezewa silabi moja, na silabi hiyo inaleta mtu: unatembea kwa ajili ya fulani, kumwendea fulani. Swali la mama, kwa hiyo, halikuwa ukaidi. Lilikuwa Kiswahili safi. Nilimletea kitenzi nikasahau kinakwenda kwa nani.

Tusijifanye pia kwamba hatujui kwa nini mtoto akipata mshahara anakimbilia kuiondoa miguu ya mama yake barabarani. Kwetu kutembea kuna kumbukumbu chungu. Baadhi ya nathari ya mwanzo iliyochapwa kwa Kiswahili ni habari za kutembea: kitabu cha Safari za Wasuaheli, alichokikusanya Carl Velten na kukichapa mwaka 1901, kina simulizi ya Selemani bin Mwenye Chande ya kwenda bara na msafara. Ukizisoma safari za namna ile, kumbuka nyuma ya msimuliaji kuna foleni ya wapagazi wenye mizigo vichwani, ambao hawakuandika kitabu. Baadaye wazee wetu wa Nyanda za Juu Kusini walikwenda manamba katika mashamba ya mkonge, wapo waliokata mbuga kwa miguu. Mama zetu wakabeba kuni, maji, mahindi na mtoto mgongoni kwa mpigo mmoja. Mtu aliyekulia humo akisikia kwamba kutembea ni "mazoezi", ana haki ya kucheka.

Kwa hiyo Mmarekani Henry David Thoreau, aliyeandika insha nzima kusifu kutembea ikatoka mwaka 1862, mwezi mmoja baada ya kifo chake, namsoma kwa tahadhari. Anajigamba kwamba asipotembea saa nne kwa siku porini afya yake inaharibika. Sawa, mzee wetu. Ila ulikuwa hujabeba kuni, na hukuwa na mtoto anayekusubiri uji nyumbani.

Pamoja na hayo yote, mwili haujali historia yetu. Mwaka 1953 Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya London. Madereva walikaa kutwa nzima. Makondakta walikuwa wakipanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa wakikata tiketi. Kampuni moja, mji mmoja, na bado madereva ndio waliougua moyo zaidi. Nikipita stendi ya Igawa na kumwona kondakta akining'inia mlangoni huku dereva kitambi kimegusa usukani, namkumbuka Morris.

Zile hatua 10,000 za simu yangu, kumbe, hazikutoka hospitali. Zilitoka kwenye biashara: mwaka 1965 kampuni ya Kijapani ilitoa kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa manpo-kei, yaani kipimo cha hatua elfu kumi, na namba ikabaki kwa sababu ni nzuri masikioni. Mwaka 2019 I-Min Lee na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 16,741 nchini Marekani, wastani wa umri miaka 72. Waliokuwa wakitembea hatua kama 4,400 kwa siku walikufa kwa kiwango kidogo zaidi kuliko wa hatua 2,700, na faida iliendelea kupanda mpaka kwenye 7,500 hivi, kisha ikatulia. Kweli, mgonjwa hutembea kidogo kwa sababu anaumwa, hivyo namba hizi zisomwe kwa akili. Lakini kwa mzee tofauti hiyo ni hatua 1,700, ambazo ni kwenda kwa shoga na kurudi.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wote, wazee wakiwemo, wapate dakika 150 hadi 300 za shughuli ya wastani kwa wiki, na wa miaka 65 na kuendelea waongeze mazoezi ya nguvu na ya kujimudu wasianguke, angalau siku tatu. Kwetu nako kampeni zipo. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi. Mjini tunatoka na fulana za vikundi vya joging, tunapiga picha. Ni jambo jema. Ila hebu mfikirie mama yangu na fulana ya joging pembeni ya barabara kuu ya Zambia, anakimbia akielekea kusikokuwa na kitu, na malori yanampita. Wangesema amechanganyikiwa.

Jibu lililonisaidia zaidi limetoka hapahapa nchini, kandokando ya ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe. Watafiti waliowafuatilia hawakukuta shughuli zikishuka sana uzeeni, na dalili za maradhi ya moyo zilikuwa chache. Hakuna Mhadzabe anayefanya mazoezi. Tangu miaka ya 1980 Kristen Hawkes na wenzake wamewatazama bibi wa Kihadzabe wakitoka kuchimba mizizi, na mwaka 1997 walichapisha hoja yao: bibi yule si mzigo wa familia, kwa sababu chakula anachochimba kinaonekana kwenye afya ya wajukuu. Daniel Lieberman wa Harvard ameiendeleza hoja hiyo katika miaka hii ya karibuni. Anasema binadamu hakuumbika kufanya mazoezi. Aliumbika kujishughulisha pale panapokuwa na haja au raha, na babu na bibi waliishi muda mrefu kwa sababu waliendelea kuhitajika wakiwa miguuni.

Kuhitajika. Nilipolisoma hilo nikaiona kochi ya mama. Pamoja na hatua, nilikuwa nimemwondolea sababu. Maji yalikuja yenyewe, mchele ulikuja umeshakobolewa, habari za shoga zilikuja kwa simu. Hapakuwa tena na kitu Igawa ambacho kisingefanyika kama mama asingesimama. Kisha nikamletea raba.

Nasema hivi nikijua hatari yake. Hoja hii ikiangukia mikono mibaya itakuwa kisingizio: mwache bibi achote maji, ni mazoezi. Hapana. Magoti ya mama hayakuharibiwa na kochi peke yake. Yaliharibiwa pia na miaka arobaini ya ndoo kichwani. Anayetembea kilomita tano kwa sababu hakuna zahanati karibu hafanyi mazoezi, anadhulumiwa. Na barabara yenyewe si mchezo. Mtembea kwa miguu pale kwetu anagawana ukingo wa lami na bodaboda, baiskeli za mkaa na tela la tani thelathini. Anayetaka wazee watembee aanze kwa kudai njia ya waenda kwa miguu na matuta kwenye vivuko, ndipo ahubiri afya.

Kuna pia mzee jirani yetu. Alikwenda manamba Tanga akiwa kijana, akarudi, akalima, akauza mkaa kwa baiskeli. Sasa anakaa chini ya mwembe kutwa. Siku moja nikamwanzishia somo langu la hatua. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kijana wangu, mimi zangu nimeshamaliza." Sina la kumjibu. Kupumzika nako ni haki, na yeye aliichagua mwenyewe. Tofauti yake na mama ni hiyo tu: mama nilimchagulia mimi.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kutoka Butiama mpaka Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha, na vijana nchi nzima wakaingia barabarani. Mmoja wao, Seth Benjamin, alifariki njiani akielekea Dar es Salaam. Nilipokuwa shule niliisikia hiyo kama habari ya siasa. Siku hizi naisikia kama habari ya miguu: watu wale walijua wanakwenda wapi na kwa ajili ya nani, na mmoja alilipa kwa uhai. Kutembea kwenye maana hakujawahi kuwa salama kabisa. Kukaa nako si salama, ila madhara yake hayaonekani haraka.

Basi nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nilimuuliza mama anataka nini. Hakufikiri hata sekunde.

"Nataka shamba langu."

Dada yangu, anayeishi Makambako na ndiye anayeitwa usiku mama akiumwa, hakukubali. Aliniambia mimi ni mtu wa kusoma vitabu na kuja na mawazo, halafu napanda basi narudi Dar. "Akianguka kule mferejini, utamwokota wewe?" Alikuwa na haki. Nadharia ni zangu, usiku ni wake. Tukabishana wiki mbili kwenye simu. Mwishowe tukaafikiana: mwenye kukodi avune msimu wake, kisha mama arudishiwe robo ekari tu, ile ya karibu na njia. Kulima na kupandikiza wafanye vibarua. Yeye atakwenda kuangalia maji na kupalilia kidogo, asubuhi, na binti wa kazi au mjukuu akiwepo aende naye. Boda ibaki ya kanisani na ya hospitali.

Mwanzo alichukua zaidi ya saa moja kufika. Anatembea, anakaa kwenye ukuta wa mfereji, anasalimiana na watu, anaendelea. Februari alikuwa anainuka kwenye kochi bila kushika kitu. Sukari haijaisha, wala sikudanganyi kwamba itaisha. Dawa anameza kama kawaida. Lakini dada alinipigia siku moja akacheka, akasema mama amemgombeza fundi wa maji mbele za watu kuhusu zamu ya mfereji, na kwamba hajamsikia akigombeza mtu tangu tumzike baba.

Mwezi wa tatu mwaka huu aliteleza. Ilikuwa imenyesha usiku, tope la ukingoni likamwangusha, akaangukia mkono. Mfupa wa kifundo ulikatika, mkono ukafungwa hogo. Dada hakupiga kelele. Alinitumia picha ya mama kitandani na chini yake akaandika neno moja: "Haya."

Nilipanda basi la alfajiri kwa mara nyingine. Njia nzima nilikuwa naipima hesabu upya. Nikimwacha aende ataanguka tena, na safari nyingine inaweza kuwa nyonga. Nikimzuia najua mwisho wake, nimeshauona kwenye kochi. Hakuna mwongozo wa WHO unaosema mtoto achague lipi kati ya hayo. Mpaka leo sina hakika kwamba niliamua sawa, na ndugu msomaji, kama una hakika juu ya mzazi wako, nakuomba unifundishe.

Nilimkuta amekaa nje, mkono umening'inizwa shingoni kwa kanga. Nikamwamkia, nikakaa chini karibu naye. Nilikuwa nimeshapanga maneno. Nikamwuliza kama anataka tulikodishe shamba tena, apumzike.

"Mpunga unakaribia kuchanua," akasema. "Nani ataamia ndege?"

Kesho yake tulikwenda wote, taratibu, mimi nikitangulia penye tope. Alikuwa amevaa yeboyebo zake za zamani. Zile raba nilikuja kuziona miguuni kwa binti wa kazi, zimeshakuwa na rangi ya udongo, na zinamwenea vizuri kabisa.